Umebonyeza PrtSc na huoni picha? Usiseme kwanza kitufe kimekufa

Juzi kuna dada alikuja hapa steshenari kujaza fomu yake ya maombi, nikamuweka kwenye ile mashine ya pembeni dirishani, akajaza weee mpaka akafika ukurasa wa mwisho wenye namba ya malipo, sasa anataka abaki na picha ya ule ukurasa. Mimi niko bize na fotokopi nasikia tu ko ko ko ko kama mtu kaja kudai deni. Nikamuuliza vipi dada, akasema "kaka mashine yako mbovu hii, nabonyeza kupiga skrinishoti haipigi". Nikasogea, nikafungua folda ya Pictures, humo ndani kuna folda nyingine inaitwa Screenshots, tukakuta picha 23 za ukurasa uleule mmoja. Mashine ilikuwa inapiga kila alipobonyeza ila haisemi.

Na nusu ya kosa ni langu. Kawaida ukishika kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, skrini inafifia mara moja kama imepepesa jicho, hiyo ndo ishara kwamba picha imeingia. Mimi kwenye mashine za wateja nilizima zile mbwembwe za animesheni ili ziwe nyepesi, na ukizizima ule mpepeso nao unaondoka. Dada wa watu hakupata ishara yoyote, kwa nini asigonge.

Haya malalamiko ya skrinishoti nayapata karibu kila wiki na mengi yanaishia hapohapo, kitufe kizima, picha ipo, ila mwenyewe hajui ilikoenda. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia haipigi mimi namuuliza picha imeenda wapi. Tuanzie huko, afu ndo tuingie kwenye dalili moja moja. Nitaongelea sana Windows mana ndo iko kwenye mashine nyingi za watu, Mac na Linux nitazigusa mwishoni.

Kwanza ujue picha zinakoenda

PrtSc peke yake (kwenye kibodi yako inaweza kuandikwa PrtScn, Prt Sc au Print Screen) inakopi skrini nzima na kuiweka kwenye klipubodi, ile kumbukumbu ya muda ambayo hata maandishi ukiyakopi yanakaa humo. Haitengenezi faili lolote. (Kwenye Windows 11 za siku hizi inaweza kukuletea kiwambo cha kukata kipande badala yake, tutafika huko chini.) Usipoipesti mahali, haipo popote. Alt + PrtSc ni hivyohivyo ila inachukua lile dirisha ulilopo tu, siyo skrini yote. Windows + PrtSc ndo inayosevu faili kabisa, PNG, kwenye Pictures > Screenshots, inaipa na namba kwenye mabano. Windows + Shift + S inakuletea kiwambo cha kukata kipande unachotaka, kinaenda klipubodi, na kwenye Windows 11 nakala yake inasevika pia kwenye folda ileile ya Screenshots, Windows 10 haifanyi hivyo, pale inakuletea tu kitaarifa pembeni ukikibofya ndo unaifungua na kuisevu mwenyewe. Afu kuna Windows + Alt + PrtSc, hii ni ya Game Bar, programu ya Windows ya wacheza gemu, yenyewe inapeleka picha kwenye folda ya Videos > Captures, ndiyo, picha ndani ya folda ya video, usiniulize nani aliamua.

Njia tano, sehemu tatu tofauti. Ukichanganya hapo tayari una tatizo ambalo siyo tatizo.

Halafu jina lenyewe linapotosha. Kuna mzee alibonyeza Print Screen afu akaenda kusimama kwenye printa anasubiri karatasi, vijana wakacheka, lakini mzee hakuwa mjinga, kwenye IBM PC ya 1981 ukibonyeza Shift na PrtSc maandishi yaliyo kwenye skrini yalikuwa yanatoka kwenye printa kweli. Kachelewa tu miaka arobaini na kitu.

"Nabonyeza, hakuna kinachotokea kabisa"

Hii ndo kubwa kuliko zote kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Bonyeza PrtSc mara moja tu, afu bonyeza Windows + V. Hiyo inafungua historia ya klipubodi. Kama hujawahi kuitumia itakuambia uiwashe, bofya Turn on, halafu rudia PrtSc na Windows + V tena. Hiki kitu kipo tangu apdeti ya Windows 10 ya mwishoni mwa 2018 na kinatunza mpaka vitu 25. Ukiona kapicha kadogo ka skrini yako pale juu basi kitufe chako ni kizima kabisa, ulikuwa unasubiri mlio au mwanga ambao haupo kwenye mpango. Fungua Paint au Word au hata WhatsApp ya kwenye kompyuta, Ctrl + V, unaiona.

Ukikuta hamna picha, na ni laptopu, wa kwanza kushukiwa ni kitufe cha Fn, kile cha chini kushoto. Watengenezaji wanabana nafasi, wanaweka PrtSc kwenye kitufe kimoja na Insert, au na mojawapo ya zile F za juu, na mara nyingi lile neno la rangi tofauti au lililoandikwa chini linataka ushike Fn. Kwa hiyo Fn + PrtSc. Na kama unataka faili ni Fn + Windows + PrtSc, vidole vitatu, ukiona mkono unapata shida ujue siyo wewe tu. Kuna laptopu zina kufuli ya Fn, unabonyeza Fn + Esc vile vitufe vya juu vinabadilisha kazi, yaani jana PrtSc ilikubali bila Fn, leo mtoto kachezea, haikubali tena. Bonyeza Fn + Esc ujaribu upya. Kibodi za zamani za mezani nazo zilikuwa na kitufe kimeandikwa F Lock, mchezo ni uleule.

Hukioni kitufe chenyewe? Angalia chini kabla hujakata tamaa, ThinkPad nyingi kimewekwa mstari wa chini kabisa kati ya Alt ya kulia na Ctrl, watu wanakitafuta juu mpaka wanachoka. Na kwa kibodi ambazo kweli hazina, Microsoft waliweka Fn + Windows + Space, inafanya kazi kwenye baadhi ya vifaa, jaribu haina gharama. Lakini kusema ukweli kama kitufe kinakusumbua, achana nacho uzoee Windows + Shift + S, hiyo haihitaji PrtSc kabisa. Mimi mwenyewe PrtSc siigusi wiki nzima.

Kuna kitu kingine kinasahaulika sana, Filter Keys. Ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8 Windows inauliza kama unataka kuiwasha, watu wanabofya Yes bila kusoma, na ikiwaka kibodi inaanza kupuuza mabonyezo ya harakaharaka. Dalili yake ni kwamba siyo PrtSc tu, hata herufi zinaingia kwa shida, mpaka ushikilie. Nenda Settings, Accessibility, Keyboard, izime.

"Nikipesti hakitoki kitu" au "inatoka kitu kingine"

Uliza unapesti wapi. Notepad haipokei picha, ni ya maandishi tu. Ndani ya folda ukibonyeza Ctrl + V nayo inakaa kimya, mana klipubodi ina picha siyo faili, na folda inataka faili. Hapo pesti kwenye Paint, afu Ctrl + S, chagua PNG, ndo limekuwa faili. Na zile fomu za mtandaoni zenye sehemu ya kupakia kiambatanisho hivyohivyo, zinataka faili, kwa hiyo ukijua kabisa unaenda kupakia mahali usihangaike na PrtSc peke yake, piga Windows + PrtSc tangu mwanzo.

Ikitoka kitu kingine maana yake baada ya kupiga picha ulikopi kitu kingine juu yake. Mfano umepiga picha ya muamala, afu ukakopi namba ya simu ili umtumie mtu, ukipesti inatoka namba ya simu. Picha imefunikwa. Kama ulikuwa umeshawasha ile historia, Windows + V, shuka chini utaikuta, ibofye. Kama hukuwa umeiwasha ndo imekwenda hiyo, piga nyingine. Na ukizima kompyuta historia inafutika, isipokuwa ulizozibandika kwa kile kialama cha pini.

"Nimetumia Windows + PrtSc, skrini imefifia, ila kwenye Screenshots hamna"

Iliyofifia imepiga, hiyo kaa nayo kichwani. Bonyeza Windows + R, andika shell:screenshots, Enter. Inakufungulia folda ya skrinishoti popote ilipo, hata kama mtu aliihamishia D au kwingine. Hiki kistari kimenisaidia kuliko maelezo yote ya mitandaoni.

Mara nyingi utakuta imefunguka ndani ya OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kuna siku wakati wa kusetapu mashine ulikubali kubakapu folda zako, basi Pictures ikahamia OneDrive, sasa wewe unaingia ile Pictures ya zamani ndani ya C unaona nyeupe pee. Picha ziko OneDrive > Pictures > Screenshots. Kama hutaki, bofya ikoni ya OneDrive kule chini kulia karibu na saa, ingia Settings, sehemu ya Sync and backup, zima bakapu ya Pictures. Na kwa mtu anayetumia bando la kuhesabia hii siyo suala dogo, skrinishoti moja ya skrini kubwa inaweza kufika megabaiti moja mbili, ukipiga hamsini kwa siku zote zinapanda juu kwa bando lako.

Kama unatumia kafe, kuna sababu moja ya kikatili. Kafe nyingi zinaweka programu inayorudisha mashine ilivyokuwa kila inapowashwa upya, kila ulichosevu kinafutika, umeme ukikatika dakika moja tu basi. Hapo usiache kitu kwenye mashine, jitumie kwa imeli au WhatsApp palepale.

Halafu kama ni Windows 7, Windows + PrtSc haisevu kitu kwa sababu hiyo njia ilikuja na Windows 8 mwaka 2012. Zipo bado mashine za Windows 7 mitaani, nyingi tu, japo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Pale tumia PrtSc na Paint, au tafuta Snipping Tool, programu ya Windows yenyewe ya kupiga skrinishoti, kwenye menyu ya Start.

"Kila nikibonyeza PrtSc inafunguka programu nyingine"

Wengi walioanza kulalamika hivi ni wa Windows 11. Kuanzia apdeti za 2023 Microsoft walibadilisha, PrtSc badala ya kukopi kimyakimya inakufungulia Snipping Tool, skrini inakuwa na kivuli inasubiri uchore kipande. Watu wanadhani mashine imeganda. Haijaganda, inakusubiri wewe. Bonyeza Esc kutoka. Kama unataka ya zamani irudi, Settings, Accessibility, Keyboard, tafuta mstari unaosema Use the Print screen key to open screen capture, zima. Kwenye Windows 10 ipo sehemu ya Ease of Access.

Kama siyo hiyo, basi kuna programu imekishika kitufe. Lightshot, Greenshot, ShareX, Dropbox, hata OneDrive yenyewe, hizi zote zinapenda PrtSc, na mbili zikiwa kwenye mashine moja zinagombea, leo inashinda hii kesho ile, we unaona tu mashine haina msimamo. Angalia zile ikoni ndogo karibu na saa, funga moja baada ya nyingine huku unajaribu. OneDrive setingi yake inaitwa Save screenshots I capture to OneDrive.

Na Lightshot nikwambie kabisa, kuwa makini na kile kitufe chake cha kupandisha picha mtandaoni. Kwa miaka mingi linki zilizokuwa zinatoka zilikuwa fupi na zinafuata mpangilio, mtu yeyote aliweza kubadilisha herufi moja akaona picha ya mwenzake. Usipandishe risiti yako humo, wala kitambulisho.

"Windows + Shift + S haileti kitu"

Kwanza angalia kama kitufe cha Windows chenyewe kinafanya kazi. Kibonyeze peke yake, menyu ya Start isipofunguka basi siyo skrinishoti hiyo. Kibodi za wacheza gemu zina swichi ya kukifungia kitufe cha Windows ili mtu asitoke kwenye gemu kwa bahati mbaya, tafuta kikufuli au neno Game Mode, shika na Fn.

Start inafunguka vizuri? Basi Snipping Tool yenyewe ndo imekwama. Ctrl + Shift + Esc, itafute Snipping Tool kwenye orodha, End task, afu mtafute Windows Explorer bofya Restart, upau wa chini utapotea na kurudi usishtuke. Ikigoma, Settings, Apps, tafuta Snipping Tool, Advanced options, bofya Repair, ikishindikana Reset. Kwenye Windows 10 inaitwa Snip & Sketch.

Mara nyingine kimekamata vizuri ila kile kitaarifa cha pembeni hakijatokea kwa sababu umewasha Do not disturb, kwenye Windows 10 inaitwa Focus assist. Picha iko klipubodi, pesti tu.

Hata Microsoft wenyewe kuna mwaka waliwaangusha watu bila mtu kugusa chochote. Tarehe 31 Oktoba 2021 cheti cha kidijitali kiliisha muda wake, kesho yake Snipping Tool ya Windows 11 ikagoma kwa watu wengi. Ushauri wa mwanzo wa Microsoft wenyewe ulikuwa tumieni PrtSc mpesti kwenye Paint, siku chache mbele ndo apdeti ikatoka. Kwa hiyo kama mashine haijaapdetiwa muda mrefu, apdeti kabla ya kuhangaika na mengine.

"Picha inatoka nyeusi"

Hapa inategemea ulikuwa unapiga nini.

Kama ni filamu kwenye Netflix na huduma za namna hiyo, ndivyo ilivyopangwa, video imefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, fremu za nje zinatoka ila pale kwenye video panakuwa peusi. Hakuna cha kurekebisha. Kama ni Signal, ile programu ya kuchati, kwenye Windows 11, hao tangu Mei 2025 wamewasha ulinzi wa skrini wenyewe bila kukuuliza, kwa sababu ya ile Recall ya Microsoft inayopiga picha skrini yako kila baada ya muda mfupi. Unaweza kuizima kwenye setingi zao za faragha lakini fikiria mara mbili.

Kama ni gemu iliyojaza skrini nzima, tumia Windows + Alt + PrtSc badala ya hizi nyingine, au badilisha gemu iwe kwenye mtindo wa dirisha. Kama ni video ya kawaida tu au ukurasa wa kawaida ndani ya brauza, jaribu kuzima hardware acceleration kwenye setingi za brauza, afu ifunge uifungue tena, na draiva ya kadi ya picha ikiwa ya zamani iapdeti.

Kuna wakati PrtSc haikamati kabisa na haitakamata, kile kidirisha kinachouliza unaruhusu programu hii ibadilishe mashine huku nyuma kote kumekuwa giza. Windows inakitenga makusudi ili programu nyingine isikichungulie. Hapo, na kwenye BIOS (ile skrini ya setingi kabla Windows haijawaka), na kwenye skrini ya bluu ya kufa, toa simu piga picha. Hakuna aibu.

Isiwe nyeusi ila imepauka kama nguo iliyofuliwa sana juani? Hiyo ni HDR ya skrini, ule mtindo wa kuonyesha mwanga na rangi kali zaidi. Snipping Tool ya Windows 11 ina swichi ya kurekebisha rangi za HDR kwenye setingi zake, iwashe.

"Inakamata ambacho sikitaki"

Una monita mbili, PrtSc inachukua zote mbili zinatoka picha moja ndefu kama treni. Tumia Alt + PrtSc, ila bofya kwanza ndani ya dirisha unalolitaka mana inachukua lile lililo hai.

Menyu inajifunga kabla hujapiga, kwa sababu Alt au kitufe cha Windows ukikigusa menyu inakimbia. Fungua Snipping Tool yenyewe, weka ichelewe sekunde 3, 5 au 10, afu nenda kafungue menyu yako usubiri.

Ukurasa ni mrefu umekamata kipande cha juu tu. Njia za kibodi zote zinakamata kinachoonekana. Kwenye Firefox na Edge bonyeza Ctrl + Shift + S, chagua ukurasa mzima. Chrome ipo ila imefichwa, F12, halafu Ctrl + Shift + P, andika full size, Enter. Lakini kwa risiti na fomu mimi nawaambia wateja Ctrl + P afu sevu kama PDF, maandishi yanabaki maandishi, namba ya malipo unaikopi bila kukosea tarakimu.

Na "picha ina ukungu" mara nyingi ni WhatsApp iliyoibana wakati wa kutuma. Itume kama dokumenti siyo kama picha, inafika na ubora wake.

Kitu cha kufanya ukiwa kwenye mashine ya watu

Hili siyo hitilafu ila nalikuta kila siku kwenye folda ya Screenshots za mashine zangu, namba za vitambulisho, salio za benki, mpaka barua za kazi. Ukimaliza futa picha, safisha Recycle Bin, na ufungue Windows + V ubofye Clear all. Wengi wanafuta faili wanasahau klipubodi, anayekaa nyuma yako anabonyeza Ctrl + V tu. Na kukata kipande siyo kila mara ni kuficha, Machi 2023 iligundulika kwamba ukiikata picha ndani ya Snipping Tool ya Windows 11 au Snip & Sketch ya Windows 10 na kusevu juu ya faili lilelile, sehemu uliyoikata ilikuwa inabaki ndani ya faili, mtaalamu anaweza kuirudisha. Walishatoa apdeti, ila picha za kabla ya hapo ziko zilivyo.

Wa Mac na Linux

Mac hakuna PrtSc. Cmd + Shift + 3 skrini nzima, Cmd + Shift + 4 kipande, na ukibonyeza Space baada ya hiyo ya 4 inakamata dirisha moja. Cmd + Shift + 5 inaleta menyu yote, ipo tangu Mojave ya 2018. Faili linaenda Desktop. Ukiona haliendi Desktop ujue vidole viligusa na Control, hiyo inapeleka klipubodi, au kuna mtu alibadilisha mahali pa kusevu ndani ya menyu ya 5 kwenye Options. Kama programu ya kupiga picha uliyoiweka mwenyewe inatoa pazia tupu la Desktop bila madirisha, haijapewa ruhusa ya Screen Recording kwenye setingi za faragha. Na ukichomeka kibodi ya Windows kwenye Mac, kitufe cha Windows ndo kinakuwa Cmd.

Ubuntu kuanzia 22.04, Print inaleta kiwambo cha kuchagua, Alt + Print dirisha, Shift + Print skrini nzima, picha zinaenda Pictures > Screenshots. Programu za zamani zikitoa picha nyeusi sababu kubwa ni Wayland, ule mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, tumia hicho kiwambo cha mfumo.

Sasa kama kweli kimekufa

Umepita kote huko na bado. Bonyeza Windows + Ctrl + O, inatokea kibodi ya kwenye skrini, bofya PrtScn ya pale kwa mausi, halafu Windows + V. Picha ikiingia kutoka pale lakini haiingii kutoka kwenye kitufe cha kidole, hapo sasa nakubaliana na wewe, kitufe kimekufa, chai imeingia au vumbi limejaa. Chomeka kibodi ya nje kuhakikisha.

Kubadilisha kibodi ya laptopu kwa ajili ya kitufe kimoja naona ni kupoteza hela. Pakua PowerToys ya Microsoft, ni ya bure, fungua Keyboard Manager, umpe kitufe kingine kazi ya Print Screen. Mimi kwenye mashine ya dirishani nimempa Scroll Lock, mana toka nimefungua hii ofisi sijaona mteja hata mmoja aliyekigusa akijua kinafanya nini.